Ulaya Haina Nywesho

Ukimuuliza kutoka Bariadi hadi Kiloleli ni umbali gani, hakukutajia kilomita wala saa. Alitazama kwanza miguu yako, kama mtu anayekagua kwato, ndipo akajibu: "Manywesho matatu. Wewe, labda manne."

Nywesho lilikuwa neno lake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe wa wafanyabiashara kwa miguu, kutoka Lingeka na Mwandoya kuja kwenye mnada wa kwetu Bariadi, na kutoka kwetu kwenda Mwanza. Kila mahali kundi liliposimama likanywa maji, hilo lilikuwa nywesho moja. Mwanza ilikuwa manywesho saba. Hakuna aliyemfundisha kuhesabu hivyo, na hakuona kwa nini watu wengine wahesabu vingine. "Kilomita haijawahi kuua ng'ombe," alisema. "Kiu imewaua wengi nikiwaona."

Mtaani aliitwa Mswagaji. Mbele yake mimi nilimwita Guku, kama tunavyowaita babu kwa Kisukuma, ingawa hatukuwa ndugu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilishona nguo kwenye kibaraza kilichopakana na mlango wake. Sikuwa msemaji, na nadhani hilo lilimpendeza. Alikuja, akakaa kwenye kigoda changu cha wateja, akatazama cherehani ikizunguka, akaondoka. Siku nyingine maneno yetu yote yalikuwa salamu ya asubuhi na salamu ya jioni.

Alikuwa mrefu na mkavu. Alivaa kofia ya sufu hata jua la Septemba, koti la mtumba lenye mfuko mmoja uliochanika, na katambuga za matairi alizokata mwenyewe. Kofia hiyo hakuivua msibani, wala kanisani siku zile chache alizokwenda. Mkewe, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kweli, alimwambia mbele ya watu, "Baba Minza, Mungu anataka kuona kichwa chako." Akajibu, "Amekiona kabla yako."

Akiingia nyumba ya mtu, jicho lake lilikwenda kwanza kwenye mtungi. Alisema "Mwangaluka," nawe ukiitikia, badala ya kuuliza kama kuna amani aliuliza, "Mna maji?" Ukisema hamna, hakukaa. Si kwa dharau. Alirudi baadaye na dumu begani, akalitua, ndipo akakaa. Na kwake, mgeni hakuulizwa habari kabla ya kunywa. Alikupa kibuyu umesimama, akangoja hadi umeshusha pumzi, ndipo akasema, "Haya. Lete habari." Hata mtu aliyekuja mbio kuleta habari ya msiba alimnywesha kwanza. Kuna waliochukia. Yeye alisema mtu mwenye kiu huleta habari nusu.

Usidhani alikuwa mpole wakati wote. Ng'ombe angeweza kumngoja mtoni mpaka anywe kwa raha zake, lakini hakuweza kungoja chai ipoe. Kila siku aliungua ulimi, kila siku akamlaumu mkewe. Na kukiri kosa kilikuwa kitu asichokijua. Aliwahi kuuziwa dume zee kwa bei ya kijana, meno yameisha. Watu wakamcheka. Alilifuga dume lile mpaka likafa kwa uzee, na siku zote hizo akaliita Kijana. "Kijana amekula? Kijana amerudi?" Mkewe alikuwa akinong'ona kwenye kibaraza changu, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, huyu mwanamume atakufa kabla ya kusema nimekosea."

Basi la abiria alipanda mara moja. Lilikuwa limeanza tu kuja, wakati watu binafsi waliporuhusiwa kuleta magari na kila mwezi tukaona rangi mpya stendi. Walimshawishi aende nalo Mwanza. Alitapika kabla hawajafika Lamadi, akaomba kushuka, akarudi kwa miguu. Alifika amenyooka, anapiga mluzi. "Basi linakunyima kujua ulipo," alisema, na habari za mabasi zikaishia hapo.

Miaka hiyo ndiyo tulianza kusikia neno soko huria. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na chama sasa ilikuwa na wanunuzi wengi, kila mmoja na mzani wake na bango lake. Ng'ombe nao walianza kupakiwa kwenye malori, wamefungwa vichwa, wakapelekwa mpaka Dar es Salaam. Wafanyabiashara waliokuwa wakimtuma msimu baada ya msimu wakawa hawamwiti. Alikwenda mnadani bado, akasimama karibu na lori, akaangalia mikia iliyotokeza kwenye mbao. "Hawa watanywa wapi?" aliuliza. Utingo akamjibu, "Watanywa machinjioni, mzee." Siku hiyo aliporudi hakupiga mluzi.

Kwa hiyo ungetegemea achukie kila chombo chenye injini. Lakini ndege aliipenda. Zile ndogo zinazopeleka watalii Serengeti hakuzijali. Alizitaka zile za juu kabisa, zinazoacha mstari mweupe. Akiiona moja alisimama katikati ya barabara, mkono mmoja umeshika kofia, baiskeli zikimkwepa. Alikuwa na sababu. Minza, binti yake wa pekee, alikuwa ameondoka na chombo kama hicho. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni, akapelekwa Uholanzi kusoma, na huko huko akaolewa. Mswagaji aliwahi kumsindikiza hadi stendi ya Bariadi. Kilichofuata baada ya hapo hakukijua, na mtu aliyejua kila lambo kati ya Lingeka na Mwanza hakuweza kulala vizuri bila kujua njia aliyopita mwanawe.

Alikuja kuijua kwa fundi baiskeli, mkabala na kibaraza changu. Fundi huyo alikuwa na ulimi mrefu na wateja wengi, na wengi walikuja kwa ajili ya huo ulimi. Siku hiyo alikuwepo dereva wa wanunuzi wapya wa pamba. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kumchukua Mzungu wa kufunga mitambo.

"Mzungu wako katokea wapi?" Mswagaji alimuuliza.

"Amsterdam, mzee. Uholanzi hukohuko."

Mswagaji akavuta gogo, akakaa. "Kutoka huko mpaka Kilimanjaro ni umbali gani?"

"Wanasema karibu kilomita elfu saba."

"Sikuulizi hizo. Inakunywa mara ngapi?"

Watu wakacheka. Dereva akadhani anatania, naye akajibu kwa utani, "Hainywi. Inashiba mafuta kule Amsterdam asubuhi, jioni iko Kilimanjaro. Muda wa saa nane hivi, iko juu tu."

"Haisimami?"

"Isimame wapi, mzee? Hewani?"

"Na waliomo?"

"Wanaletewa soda wamekaa."

Mswagaji alifikiri. Fundi akaacha spana, akasema, "Basi hilo ni nywesho, Mswagaji! Soda ni maji."

"Hapana," akasema. "Mtu aliyekaa akaletewa soda hajanyweshwa. Kunywesha ni kusimama. Kundi linasimama, linanywa, linaondoka. Hao hawasimami." Akainuka taratibu, uso umemfunguka kama mtu aliyeambiwa mgonjwa amepona. "Kwa hiyo Ulaya haina nywesho. Mwanza ina saba, Ulaya haina hata moja. Minza yuko karibu kuliko Mwanza."

Walicheka mpaka mwenye baiskeli akasahau baiskeli yake. Lakini Mswagaji alikuwa ameshavuka barabara kwenda kumwambia mkewe. Nilimsikia mlangoni: "Mama Minza! Acha kulia lia usiku. Mtoto yuko hapo tu."

Tangu siku hiyo aliihubiri Ulaya. Aliwaambia wauza mitumba kwamba nguo zao hazitoki mbali. Alimwambia katekista. Mgeni akishuka stendi akasema ametoka Mwanza, Mswagaji alimpa pole, "Umetoka mbali, kuliko Ulaya." Fundi baiskeli alimtungia jina, Jirani wa Wazungu, na kila alipopita alipigiwa kengele. Naye alipunga mkono kama mbunge. Mimi nilipinda pindo za sketi nikacheka peke yangu. Lakini niliona pia kwamba mama Minza aliacha kulia. Jioni alikaa nje akimenya karanga, na ndege ikipita juu alisema, "Hiyo inatoka kwake," kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja gari la Maswa.

Kisha mama Minza akaugua, akafa. Ilikuwa masika, na laini ya ofisi ya simu ilikuwa imekatika. Tulizika kesho yake. Habari ilimfikia Minza baada ya siku kadhaa, kupitia kwa masista wa misheni, nao wakatuletea ujumbe kwamba atapiga simu Jumatatu asubuhi.

Mswagaji alikuja kibarazani. "Mayu, twende pamoja." Sikio lake la kulia lilikuwa limepungua, na ule mkono wa simu hakujua kuushika. Katika ofisi ya simu niliushika katikati yetu, shavu langu karibu na kofia yake, kwa hiyo nilisikia yote.

Minza alilia kwanza. Baba yake akamwachia alie. Kisha akasema, "Njoo basi. Si mbali."

"Baba, siwezi. Nimelazwa."

"Unaumwa nini?"

Halafu sauti ndogo, "Nina mimba, baba. Imeshatoka mara mbili kabla ya hii. Daktari hataki nishuke hata kitandani. Nikipanda ndege nitampoteza na huyu."

Mtu wa kwetu anajua jambo hilo lilikuwa zito kiasi gani. Baba hatamkiwi tumbo la binti yake, na yeye halitaji. Hayo ni ya mama, na mama ndiye aliyekuwa kaburini. Mswagaji alitazama ukuta. Aliinua mkono, akashika kofia, vile alivyofanya ndege ikipita.

"Lala," alisema. "Lala hapo hapo, mwanangu. Usije."

Tulipofika kwenye mlango wake alinitazama mara moja tu, nami nikaelewa kwamba nilichosikia kimeishia ofisini.

Watu hawakuelewa. Arobaini ikapita, Minza hakuja. Mavuno yakapita. Maneno yalianza kwa wanawake kisimani, yakafika kwa fundi baiskeli, na huko yakapata makali. Nilikuwa natia uzi sindano siku yalipomfikia mwenyewe. Alikuwa akipita na dumu lake.

"Mswagaji," fundi akaita, "hebu tusaidie hesabu. Ulaya ni karibu kuliko Mwanza, siyo?"

Mswagaji akasimama.

"Siyo wewe uliyesema? Haina nywesho hata moja. Sasa shangazi yangu alitoka Mwanza kuja kwenye matanga ya mama Minza. Manywesho saba! Minza aliye hapo karibu, mbona hakuja? Mtoto gani huyo asiyekuja kumlilia mama yake, naye yuko jirani?"

Hakuna aliyecheka. Hata fundi mwenyewe, nadhani, alisikia kwamba amevuka mpaka, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Wanaume wanne au watano walikuwa pale, na wote walingoja. Lilikuwa jina la Minza lililokuwa mezani. Kwetu mtoto aliyesusa msiba wa mama yake harudi tena akasalimiwa vizuri. Hata akija na magari, mlango atafunguliwa, moyo hautafunguliwa.

Mimi nilijua jibu. Neno moja lingemaliza. Nilisimama, sindano mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitaka kusema mbele ya wanaume. Mswagaji aliniona. Akatikisa kichwa kidogo sana.

Akatua dumu. Akavua kofia. Nilikuwa sijawahi kukiona kichwa chake, kilikuwa cheupe na kidogo kuliko nilivyodhani.

"Nilikosea," alisema. "Yule dereva alinitania, nami nikaamini. Nimeuliza watu wanaojua. Ulaya ni mbali. Ni mbali sana, ina manywesho yasiyohesabika, na mengine ni makavu. Mtu hawezi kutoka huko kwa sababu ya msiba. Mtoto wangu hana kosa. Kosa ni langu, mimi niliyewaambia ni karibu."

Akavaa kofia, akachukua dumu, akaenda. Fundi aliokota spana, akaitazama, akairudisha chini.

Tangu hapo hakuihubiri tena Ulaya. Mgeni aliyetoka Mwanza alipewa maji tu. Watoto waliomkumbusha utani wa zamani aliwaambia kwa upole kwamba mzee anaweza kukosea. Ndege ikipita, aliendelea kutembea. Nimekutana na watu wengi wanaotetea wanachokijua, hata kwa ngumi. Yeye alikuwa na jambo moja alilolijua kwa uhakika na kulipenda kuliko yote, na alilitupa barabarani mchana kweupe ili watu wapite juu yake badala ya kupita juu ya Minza. Na watu walipita. Miezi ile walisema, "Masikini, Minza yuko mbali mno," nao wakamsamehe.

Baadaye niliolewa, nikahamia Mwandoya na cherehani yangu. Nilikuwa narudi mara chache. Mara ya mwisho niliyomwona, nilikuja kumsalimia mama yangu, nikamkuta Mswagaji stendi. Yeye, stendi! Alikuwa amesimama kwenye jua, ameegemea fimbo, amezeeka ghafla. Begani alining'iniza kibuyu kilichojaa.

"Mwadila, Guku."

"Mwadila, mayu. Mna maji huko Mwandoya?"

"Yapo, Guku. Unasafiri?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Na mabasi haya? Namngoja Minza. Yuko kwenye la Shinyanga."

Basi lilipaswa kuwa limefika asubuhi. Barabara ilikuwa matope, na jua lilishaanza kushuka. Nilimwomba akae kwenye benchi la wauza tiketi, akakataa. Nilimwambia anywe kidogo kwenye kibuyu, akakataa pia. Tukangoja. Fundi baiskeli, ambaye sasa alikuwa na duka la vipuri pale pale stendi, alitoka akasimama nyuma yetu. Yeye pia nywele zilikuwa zimeanza kubadilika. Alileta kiti. Mswagaji akakitazama, akasema asante, akabaki amesimama.

Basi liliingia limepakwa tope mpaka madirishani. Wakashuka wenye kuku, wakashuka wenye magunia, mwisho akashuka mwanamke mnene kidogo mwenye uchovu kwenye kope, amemshika mkono mtoto wa kiume wa rangi ya maji ya kunde. Minza alipomwona baba yake alifungua mdomo, machozi yakaanza, maneno yakaanza, "Baba, baba, mama..."

Mswagaji alimpa kibuyu.

"Kunywa kwanza."

Akanywa. Alikunywa amesimama, kichwa nyuma, koo likipanda na kushuka, na stendi nzima ilimtazama. Aliposhusha pumzi, baba yake akasema, "Haya. Lete habari."

"Tumechoka, baba," akasema, akicheka na kulia. "Amsterdam mpaka Kilimanjaro tulifika siku ile ile, mtoto kalala tu. Lakini kutoka Kilimanjaro mpaka hapa! Hii ni siku ya tatu leo."

Nilisikia fundi akikohoa nyuma yangu. Alisogea mbele, na safari hii hakukuwa na makali yoyote kwenye sauti yake. Alikuwa akimtazama mtoto, umri wake, na naona alikuwa akihesabu kitu kichwani, polepole, kurudi nyuma mpaka mwaka wa msiba.

"Mswagaji," akasema, "hebu tuambie mwenyewe. Ulaya ni mbali au ni karibu?"

Mzee alichukua kibuyu kwa Minza, akakitikisa kusikia kilichobaki.

"Haina nywesho njiani," akasema. "Ina moja tu. Hapa."

Yule mtoto, ambaye hakujua hata neno moja la kwetu, akanyoosha mikono yote miwili kukitaka kibuyu. Babu yake akampa. Akainama, akamtazama miguu, viatu vyake vidogo vyenye tope, kwa makini, kama mtu anayekagua kwato.

"Huyu," alisema, "labda mawili."